Kioo cha Taa ya Kushoto

Marehemu baba alituachia vitu vitatu: kiwanja cha Pongwe, daftari la mashairi, na Peugeot 404 ya mwaka 1964. Kiwanja kiligawanywa kwa siku moja mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Daftari hakulitaka mtu, nikalichukua mimi. Gari ndilo lililotuletea miaka minne ya maneno baina yangu na kaka yangu, na habari zake ndizo ninazotaka kuwasimulia leo, wapenzi wa lugha, kwani mwisho wake unawagusa baadhi yenu. Lipo shairi niliwahi kuwaghania nikisema ni la baba. Ndani yake mlikuwa na maneno mawili yasiyokuwa yake.

Gari kwanza. Peugeot walianza kuitoa 404 mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Nyuma ina mapezi mawili mfano wa samaki, na taa za nyuma zimesimama wima penye ncha za mapezi hayo. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 imelazwa ubavu kwa nyuzi 45, ndiyo maana fundi asiyeizoea akifungua boneti hudhani imeng'oka mahali pake. Mkono wa gia uko kwenye usukani. Kiti cha mbele cha gari letu kimepasuka upande wa dereva, na upande wa abiria kimebaki kizima, kwa kuwa mama hakupenda safari.

Watu wa rika la baba waliipenda Pijo kwa sababu ya Safari Rally. Mwaka 1963 magari yaliyomaliza mashindano yale yalikuwa saba tu, na mwaka 1968 vilevile saba tu, na mara zote mbili la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Katikati hapo, 1966 na 1967, ushindi ulikwenda kwa 404 nyingine, iliyoendeshwa na Bert Shankland wa hapa kwetu Tanzania. Baba aliyataja majina hayo kama watu wengine watajavyo mashujaa wa tenzi, kwa mpangilio uleule kila mara, na ukimkatiza alianza upya.

Alilinunua gari mwaka 1974 kwa Mgiriki mmoja, meneja wa shamba la mkonge, aliyekuwa akirejea kwao. Baba alikuwa karani wa shamba hilohilo. Tangu siku hiyo halikupigwa rangi. Rangi yake ya kiwandani, ambayo hapo kale iliitwa buluu, imekuwa kama chokaa iliyodondokewa wino, na ukilipapasa boneti kiganja kinatoka na unga. Penye mlango wa nyuma kuna mkwaruzo mrefu wa jembe la trekta. Hakuna alichokificha. Kwa lugha ya wanaoyapenda magari ya zamani, hili ni gari ambalo halijafufuliwa, na gari la namna hiyo lina thamani yake ya pekee, maana gari laweza kupigwa rangi mara kumi lakini rangi ya kwanza huipata mara moja tu.

Kaka yangu haoni hivyo. Alitaka tulipige pasi, tulipake rangi nyeupe, tuvishe viti ngozi mpya, tulikodishe kwa maharusi. Sikumlaumu sana, na hata sasa simlaumu. Hewa ya chumvi ya Tanga haina huruma na bati, kodi ya gereji alilipa yeye, na watu wa chuma chakavu walikuwa wakipita kila wiki kuuliza kilo. "Gari si kaburi la kuzuru, mdogo wangu," aliniambia. Tukawekeana ahadi: nikiweza kulitembeza kwa breki zake na taa zake, kwa spea zake mwenyewe, kabla ya Idi kubwa, litabaki lilivyo. Nikishindwa, linakwenda kwa mpiga rangi.

Breki hazikunisumbua. Viatu vya breki huvalishwa bitana mpya popote penye fundi anayejua kazi yake, na roba za silinda zilipatikana baada ya wiki tatu za kupimana. Kabureta ya Solex ilifunguliwa, ikaoshwa, ikarudi ikipumua. Kila gereji niliyopita walinishauri kitu kimoja: toa injini hiyo, tia ya Toyota. Walisema kwa nia njema. Mmoja alinionyesha 404 ya pikapu aliyoifanyia hivyo, nayo kweli ilikuwa ikinguruma vizuri, lakini nilipoisikiliza niliona haya, kama mtu aliyemkuta jamaa yake akizungumza kwa sauti ya mtu mwingine.

Kazi ilikuwa kwenye kioo chekundu cha taa ya nyuma ya kushoto. Kile cha kiwandani kilidondoka mwaka 1983 kwenye barabara ya Korogwe. Wenye kuikumbuka miaka ile wanajua: nchi haikuwa na fedha za kigeni, spea zilikuwa hadithi, na Jumapili alasiri kulikuwa na marufuku ya kuendesha gari ili petroli isiishe. Baba akatengeneza kioo chake mwenyewe kwa beseni jekundu la plastiki, akilikata kwa msumeno wa chuma na kulilainisha kwa moto mpaka likashika umbo la pezi. Kwa mbali hutambui. Kwa karibu unaona alama za tupa. Nilipolirithi gari, kipande kile kilikuwa kimepauka na kupasuka kwa jua, maji yakaingia, na tumba la balbu likawa kutu tupu.

Hapo ndipo nilipoingia sokoni, na hapo ndipo lugha iliponikamata.

Vitabuni tunaandika vipuri. Nendeni Gerezani, Dar es Salaam, mkaulizie vipuri, mtaangaliwa kama maofisa wa kodi. Kule ni spea, na spea zina daraja: kuna jenuini, kuna orijino, kuna kopi, kuna feki, kuna iliyotumika. Nilidhani jenuini na orijino ni neno moja limevaa kanzu mbili. Muuza duka mmoja, kijana wa miaka kama ishirini na mitano, alinisomesha: orijino ni kilichokuja na gari, jenuini ni kilichotengenezwa na wenye gari, hata kama kimenunuliwa jana. "Dada, jenuini unaweza kuipata. Orijino ukishaipoteza, umeipoteza."

Usiku wa siku hiyo, kwenye basi la kurudi Tanga, nilijiuliza kwa Kiswahili kisicho cha dukani tungesemaje. Tunayo asili na halisi, na mimi mwenyewe nimewahi kuandika kimoja mahali pa kingine bila kusita. Yote mawili yametufikia kutoka Kiarabu. Asili ni shina, mzizi, pale kitu kilipotoka. Halisi ni kilichosafika, kisichochanganywa na kingine. Kumbe yule kijana alikuwa akitofautisha asili na halisi kwa ustadi kuliko mimi ninayejiita mshairi. Kitu chaweza kuwa halisi bila kuwa na asili mahali pale kilipowekwa. Kama chaweza kuwa na asili bila ya uhalisi, hilo sikulijua bado.

Sitawachosha kwa safari zote. Nilizikuta 404 nyingi kuliko nilivyotarajia, lakini karibu zote zilikuwa pikapu. Gari linalobeba mzigo watu hulitunza. La kutembelea huachwa chini ya mwembe. Pikapu nayo haina mapezi, na taa zake za nyuma ni nyingine kabisa. Vivyo hivyo zile za familia zenye mgongo mrefu. Kulikuwa na mtu aliyenipa dashibodi nzima bure, nami nikaifurahia mpaka nilipoitazama vizuri: vipimo vyake ni vya duara, vya 404 za baadaye, na gari letu ni la zile za mwanzo zenye kipimo cha mwendo cha mstatili. Nikamrudishia. Kaka aliposikia hakuamini kwamba nimekataa kitu cha bure.

Nairobi, katika Barabara ya Kirinyaga, nilikwenda kwa shughuli nyingine, nikapitia maduka matano. La tano lilikuwa la mzee wa Kihindi aliyezungumza Kiswahili kizuri kuliko changu. Akapanda ngazi, akashuka na boksi la karatasi lililoliwa na mende, ndani yake kioo chekundu cha pezi la 404, kipya, hakijawahi kuona jua. Mikono ilinitetemeka. Tukakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa cha kulia.

Niliandika Ufaransa pia. Kuna taasisi iitwayo L'Aventure Peugeot, yenye jumba la makumbusho mjini Sochaux, nayo huuza spea za magari ya zamani ya kampuni. Kuna na watu binafsi wanaotengeneza kopi mpya. Ukijumlisha usafirishaji na ushuru, bei ya kioo kimoja ingemlipia mtoto ada ya muhula. Lakini katika kusomasoma huko nilikutana na kitu kilichonikalisha kitako. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lina waraka uitwao Mkataba wa Turin, na humo yamo mashauri juu ya namna ya kulitunza gari la zamani. Mojawapo ni kwamba sehemu mpya ikiwekwa badala ya iliyopotea, itiwe alama, ili anayekuja kesho asidanganyike. Nikafikiri: lakini hili ndilo wafanyalo wahariri wa tenzi za zamani. Penye nakala iliyoliwa na mchwa, au penye herufi za Kiarabu zisizoonyesha kama ni *o* au *u*, mhariri mwaminifu hukisia, kisha hukifunga kisio chake ndani ya mabano. Fikra hiyo ilinichoma, na ninyi mtajua kwa nini.

Daftari la baba lina shairi moja la mwaka 1983 juu ya taa hiyo. Kona ya ukurasa imeliwa na mchwa. Ubeti wa kwanza umesomeka hivi:

*Nimezunguka bandari, miguu imeumia,*
*Taa ya nyuma ya gari, kioo kimepotea,*
*Wote wanipa habari, spea hazijaingia,*
*Beseni . . . . . , ndilo lililonifaa.*

Kiitikio kimevunjika katikati ya ukwapi. Zimebaki mizani tatu, zimepotea tano, na kina ni *ri*. Mwaka juzi nilikaa na kalamu ya risasi nikajaribu. *Lenye fahari* lilinielea, lakini niliona beseni haliwezi kuwa na fahari. Nikatia *langu hodari*. Mizani nane, kina kimekaa, maana imenyooka: baba amesifu werevu wake wakati wa dhiki. Nikalighani shairi zima katika mkutano mmoja wa washairi, nikasema hivi ndivyo baba alivyoandika. Walionisikia walipiga makofi, na mmoja wenu aliniandikia baadaye kwamba *langu hodari* ndiyo roho ya shairi. Nilimshukuru.

Kioo kilipatikana katika milima ya Usambara, wiki tatu kabla ya Idi. Dereva wa basi dogo aliniambia ameiona Pijo yenye mapezi imegeuzwa banda la kuku, juu kidogo ya Soni. Nikaenda. Ilikuwa 404 kweli, haina magurudumu, imekaa juu ya matofali kati ya migomba, na kuku walikuwa wakitagia kiti cha nyuma. Kioo cha kulia hakikuwapo. Cha kushoto kilikuwapo, kimefifia kidogo, kizima.

Mwenye banda alikuwa mzee mwenye kofia ya kusokotwa. Nilimwamkia, akaniuliza nyumbani, akaniuliza ukoo, akaniletea maziwa. Nilipotaja haja yangu alinyamaza. Baadaye akasema gari lilikuwa la marehemu mkewe, mwalimu, na kwamba hajaondoa kitu humo tangu alipokufa, isipokuwa kile kilichoondolewa na wezi. Sikujua la kusema. Nilimweleza juu ya beseni la baba. Alicheka, akaomba nimweleze tena. Kisha akaenda mwenyewe na bisibisi, akafungua kioo taratibu, akakifuta kwa upindo wa shati. Hakutaka fedha. Alitaka nimtafutie wavu wa kuzibia pale kilipokuwa, kicheche asiingie kwa kuku. Nilimletea Jumamosi iliyofuata, pamoja na sukari na kitenge cha binti yake.

Gari letu hutengenezwa na fundi wa Ngamiani ambaye alikuwa rafiki wa baba tangu ujana. Macho yamemwishia, kazi nyingi huifanya mjukuu wake, lakini yeye huketi kando na kuamuru. Nilimkabidhi kioo. Akakipapasa kwa vidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Hiki ni chenyewe." Mjukuu akafungua kipande cha beseni, akakiweka mkononi mwa babu yake. Mzee akakinusa. Nilidhani ni mzaha.

"Uturi umekwisha," akasema.

"Uturi gani, baba?"

"Mwanangu, hukuambiwa? Hili lilikuwa beseni la mama yako la kulowekea maua na uturi wake. Babako alilichukua usiku bila ruhusa. Tulipolitia motoni hapa, gereji nzima ilinukia kama nyumba yenye arusi. Mama yako hakumsemesha wiki mbili." Akacheka mpaka akakohoa. "Akaona haya, akamtungia shairi la kumtaka radhi. Alikuwa akiliimba hapa huku akipiga tupa." Na yeye akaliimba, kwa sauti ya kukwaruza, akipiga mahadhi kwa spana juu ya goti. Alipofika kwenye kiitikio aliimba: *Beseni lina uturi, ndilo lililonifaa.*

Nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Mizani nane. Kina *ri*.

Shairi nililolighani mbele yenu kama shairi la mtu anayejisifu kwa ubunifu wake lilikuwa la mume anayemwomba mkewe msamaha. Ubeti wa pili na wa tatu, ambao nilikuwa nikiusoma kama malalamiko juu ya uhaba, nimeusoma upya, nao sasa unasema maneno mengine bila ya kubadilika herufi.

Ni lazima niwaambie pia kwamba ushahidi wa mzee si kamili. Katika mshororo wa pili aliimba *kioo kimeanguka*, jambo ambalo baba, aliyekuwa mkali wa vina, asingeliandika, na kwa hakika hakuliandika, maana mshororo huo umo daftarini mzima. Kama alikosea pale, aweza kuwa amekosea na hapa. Mama hayupo wa kuulizwa. Nimefuta *langu hodari* kwa raba, nikaandika *[lina uturi]* ndani ya mabano, kwa wino wa rangi nyingine, na pembeni nikaandika nimelipata kwa nani na siku gani. Walionakili shairi hilo kutoka kinywani mwangu, naomba warekebishe.

Kuhusu kioo, nilikaa na vipande viwili mapajani mwangu muda mrefu kuliko alivyopenda mjukuu, aliyekuwa na gari jingine la kushughulikia. Cha Soni ni halisi, kimetoka katika kiwanda kilekile, lakini asili yake ni gari la mwalimu. Cha beseni hakina uhalisi hata chembe. Ila cha kiwandani kilikaa kwenye gari letu miaka 19, na hiki cha beseni kimekaa miaka 41. Nilimuuliza mzee yeye angeweka kipi. Akasema maji yanaingia, balbu itakufa, trafiki watakukamata, mbona swali jepesi?

Tukaweka cha Soni. Kwa upande wa ndani, mahali pasipoonekana mpaka uondoe skrubu, niliomba mjukuu akwaruze mwaka 2024 na neno *Soni*. Jioni nililiendesha gari mpaka Raskazone na kurudi, kaka akinifuata nyuma kwa pikipiki. Tulipofika alisema taa zote mbili zinawaka na breki hazivuti upande, ila nyekundu ya kulia imekoza kuliko ya kushoto, inaonekana hata usiku. Habari za rangi nyeupe hajaacha kuzitaja.

Kabla sijaondoka gereji mjukuu aliniuliza kama akitupe kile kipande cha plastiki. Nilimwambia anifungie kwenye gazeti.